Jinsi ya Kujibu Maswali ya Kuchagua katika Mtihani wa Kusoma Kiingereza

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiingereza alileta katika chama chetu karatasi ya mfano ya mtihani uitwao C1 Advanced, ambao hutungwa na watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Alitwambia mapema kwamba mtihani huo haukutungwa kwa ajili yetu sisi wa Kidato cha Nne. Hufanywa na watu wa nchi nyingi ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, nao wanataka kwenda kusoma chuo kikuu au kufanya kazi mahali panapotumika lugha hiyo. "Nataka mwonje tu," alisema. Basi tukaonja. Mimi, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama, na ambaye tangu Kidato cha Pili sijakosa kuwa miongoni mwa watatu wa kwanza katika Kiingereza, nilipata swali moja katika sita.

Mhariri wa gazeti letu alipopata habari hiyo hakunicheka, ila alinitaka niandike jinsi nilivyoanguka na yale niliyojifunza baadaye. Nimekubali, kwa sababu mwezi Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutakaa kwa mtihani wa taifa, na makosa yaliyoniangusha mimi nayaona kila siku darasani, wala si katika somo la Kiingereza peke yake.

Kwanza nieleze karatasi yenyewe. Sehemu ya Kusoma na Matumizi ya Kiingereza ina maswali 56, nayo hujibiwa kwa dakika 90. Imegawanyika katika mafungu manane. Fungu la tano ndilo nililotaka kuliandikia. Humo mna habari moja ndefu, na chini yake maswali sita. Kila swali lina majibu manne, A, B, C na D, na moja tu ndilo sahihi. Kila swali lina alama 2. Ukikosa hupunguziwi kitu, kwa hiyo kuacha swali bila jibu ni kutupa bahati bure. Maswali hufuata mpangilio wa habari tangu juu hadi chini, ila la mwisho huenda likauliza juu ya habari nzima. Maneno magumu si mengi kama nilivyodhani. Waulizavyo ni hivi: mwandishi anaonaje jambo hili? Kwa nini ametoa mfano huu? Anadokeza nini katika aya ya tatu? Alikuwa na nia gani?

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mtu asiyejua Kiingereza hata neno moja, akafumba macho na kuchagua herufi, ana bahati moja katika nne kwa kila swali. Kwa maswali sita atapata, kwa wastani, moja na nusu. Mimi niliyesoma habari yote kwa uangalifu (nilivyodhani) nilipata moja. Maana yake ni kwamba ningefumba macho ningekuwa na matumaini makubwa kuliko nilivyofumbua. Jambo hili lilinisumbua usiku kucha. Mtu akosaje zaidi ya kipofu wa lugha?

Jibu nilipewa na mwenzangu anayelala kitanda cha juu yangu. Sina budi kusema habari zake, maana yeye alipata matano.

Mwenzangu huyu si msemaji. Tulipoingia Kidato cha Kwanza, yeye alitoka shule ya kijijini kwao, nasi wa mjini tulikuwa na Kiingereza cha televisheni. Siku moja alisimama kusoma kwa sauti, akataka kusema "rice" lakini ikatoka "lice", yaani wali ukageuka chawa. Darasa zima tulicheka, nami nilicheka zaidi, na juma zima nikawa nikimwuliza kama amekwisha kula chawa wake. Tangu siku hiyo hakusema neno katika chama cha Kiingereza. Alikuja, akakaa nyuma, akasoma, akaondoka. Miaka mitatu imepita hivyo. Basi mwalimu alipotangaza matokeo, watu waligeuka nyuma kumtazama kama kwamba alikuwa mgeni.

Usiku ule baada ya prepo nilisimama kando ya kitanda nikamwuliza alifanyaje. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengine ya kusema kabla ya hayo, lakini yalikwama. Alinitazama kidogo, kisha akasogea. "Panda uketi," alisema. "Lakini kwanza funika majibu."

Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza.

Yeye husoma habari yote kwanza, bila kutazama majibu hata kidogo. Kisha husoma swali, huku ameyafunika yale majibu manne kwa kadi. Anajijibu mwenyewe kwa maneno yake, tena kwa Kiswahili, maana anasema akijijibu kwa Kiingereza huishia kurudia maneno ya mwandishi bila kujua kama ameyaelewa. Akiisha kuwa na jibu lake ndipo anafunua, anatafuta jibu linalofanana na lake kwa maana, si kwa sura. Halafu, na hili ndilo nililokuwa sijalifanya maishani, haridhiki na kuona jibu moja kuwa zuri. Anarudi kwa yale matatu mengine na kutafuta katika kila moja neno linaloliua. Kama hakuliona neno hilo, jibu hilo bado li hai, na kazi haijaisha.

Nilimwuliza amefundishwa na nani. Akasema amefundishwa na bibi yake. Bibi huyo hajui kusoma, na tangu mjukuu alipokuwa darasa la tatu alikuwa akimsomea ujumbe wa simu unaotoka kwa ami yake aliye mbali. Siku moja ami aliandika kwamba atajaribu kuja Sikukuu ya Idi. Mtoto akasoma haraka, akasema, "Bibi, anakuja Idi." Bibi akamtenga jogoo, akanunua mchele, akawatangazia majirani. Idi ikapita bila mtu. Tangu hapo bibi hakukubali kusomewa ujumbe mara moja tu, humsikiliza, kisha humwuliza, "Hayo kasema yeye, au wasema wewe?"

Nimekwisha soma maelezo mengi juu ya mitihani, lakini sijaona yanayofikia swali la bibi huyu. Maana majibu ya uongo katika mtihani kama huu, ambayo waalimu huyaita vipotoshi, hayatungwi ovyo. Hutungwa kwa kukisia vile msomaji mwenye haraka atakavyosema badala ya mwandishi. Ndiyo sababu nilipata pungufu ya mtu aliyefumba macho: yeye hakuona mitego, mimi niliiona nikaipenda.

Nitatoa mfano ili msomaji ajipime. Nimeutunga mimi, na nimeutunga kwa Kiswahili makusudi, ili mtu asije akasingizia kwamba amekosa kwa sababu ya Kiingereza. Soma habari hii polepole.

"Tulipoambiwa kwamba kivuko cha zamani kitaondolewa na daraja litajengwa, watu wa mtaani walishangilia, nami nilishangilia pamoja nao. Nani asiyechoka kungoja nusu saa juani? Daraja lilipokwisha kujengwa nilivuka kwa dakika tatu. Ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nikisoma gazeti zima kila asubuhi, wala sikupata kujiuliza nafasi ya kulisoma ilitoka wapi. Sisemi kivuko kirudi. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali hana haja na gazeti langu. Ila tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba kitu fulani kitaniokolea muda, mimi humwuliza: muda gani huo, na wa kufanyia nini?"

Swali la kwanza: Mwandishi anaonaje juu ya daraja?

A. Anasikitika kwamba kivuko kiliondolewa, naye angependa kirudishwe.
B. Anafurahi kwamba sasa anavuka kwa dakika tatu badala ya kungoja nusu saa.
C. Anakubali faida yake, lakini limemfumbua macho juu ya kitu alichokipoteza.
D. Anaona kwamba ni wagonjwa tu walionufaika nalo.

Nilipowapa wenzangu wa bwenini mfano huu, wengi walichagua B, na wachache A. Tuyatazame moja moja.

Jibu A lina harufu ya kweli. Habari yenyewe ina huzuni kidogo, na msomaji anayeonja huzuni hiyo hurukia A. Lakini neno linaloliua limeandikwa waziwazi: "Sisemi kivuko kirudi." Aliyechagua A hakusema yaliyosemwa na mwandishi, amesema yale ambayo yeye mwenyewe angeyasema kama angekuwa na huzuni hiyo.

Jibu B ndilo hatari kuliko yote, nalo ndilo lililoniangusha mimi mara nyingi katika ile karatasi. Maneno yake yote yamo katika habari: dakika tatu imo, nusu saa imo, hata furaha imo katika kushangilia. Jicho likiona maneno yaleyale hutulia kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi. Lakini kushangilia kulikuwa kabla ya daraja kujengwa, na dakika tatu imetajwa kama jambo lililotokea, haikutajwa kama furaha. Swali linauliza anaonaje. B linajibu swali jingine ambalo halikuulizwa. Kumbuka basi kwamba jibu laweza kuwa na maneno ya kweli na likawa si jibu.

Jibu D lina neno "tu". Mgonjwa ametajwa, ndiyo, lakini kama mfano mmoja. Hakuna mahali iliposemwa kwamba wengine hawakunufaika.

Jibu C, ambalo ndilo sahihi, halikuchukua neno hata moja kubwa kutoka katika habari. "Faida" haimo, "kupoteza" haimo. Msomaji wa haraka hulipita kwa sababu hamtambui ndugu yake ndani yake. Na hivyo ndivyo watungaji wa mitihani hii wafanyavyo: jibu la kweli mara nyingi huvishwa nguo nyingine, na la uongo huvishwa nguo za habari yenyewe. Sisemi kwamba jibu lenye maneno ya habari ni la uongo daima. Nasema lisichaguliwe kwa sababu hiyo.

Swali la pili: Kwa nini mwandishi anamtaja mgonjwa?

A. Kuonyesha kwamba hospitali iko mbali na kivuko.
B. Kukiri kwamba haja yake yeye si kubwa kuliko haja za watu wengine.
C. Kuwalaumu waliochelewa kujenga daraja.
D. Kueleza sababu ya yeye kuacha kusoma gazeti.

Hapa swali haliulizi mgonjwa amefanya nini. Laulizia kazi ya sentensi. Aina hii ilikuwa ngeni kwangu kabisa, maana tangu shule ya msingi nilizoea kuulizwa nani, wapi na lini. Dawa yake ni kuifuta sentensi ile kwa mawazo na kuona habari inapungukiwa na nini. Tukimfuta mgonjwa, mwandishi anaonekana mtu wa kujipenda, anayelililia gazeti lake. Sentensi ile inamkinga na lawama hiyo. Basi ni B. Jibu C lingewezekana kwa mtu mwenye hasira na kuchelewa kwa miradi, lakini hasira hiyo ni ya msomaji. Kasema yeye, au wasema wewe?

Baada ya mfano wa Kiswahili, turudi kwenye Kiingereza, kwa sababu ipo mitego ambayo sisi watumiaji wa Kiswahili hunasa humo kuliko watu wengine.

Neno "hardly" limenila alama nyingi. Nilikuwa nikijua "hard" ni kwa bidii, kwa hiyo "he hardly worked" nikaielewa kuwa alifanya kazi kwa bidii. Kumbe maana yake ni kwamba karibu hakufanya kazi kabisa. Sentensi moja, maana mbili zinazopingana, na mtungaji wa maswali anajua hivyo vizuri.

Tena "few" na "a few". Kwa Kiswahili zote ni "wachache", nasi hatuna kineno kama kile "a" cha kututenganishia. Lakini "a few people came" husema walikuja watu kadhaa, na msemaji haoni ubaya. "Few people came" husema waliokuja hawakuwa wengi, na msemaji analalamika. Swali likiuliza mwandishi aliuonaje mkutano, jibu limejificha katika herufi moja hiyo.

Tena "I should have listened". Wengi wetu tukiona "should" twafikiri ni lazima, na lililo lazima twadhani limetendeka. La. Mtu huyu hakusikiliza, na sasa anajuta. Kadhalika "he might have known" si "alijua". Hapo ndipo mjukuu alipomwambia bibi kwamba ami anakuja.

Mwisho wa haya, yale maneno madogo ya kugeuza njia: "yet", "although", "however", "far from". Mimi sasa nikisoma huyawekea duara kwa penseli. Mwandishi wa Kiingereza mwenye adabu hupenda kuanza kwa kusema maoni ya watu wengine, tena kwa urefu na kwa heshima, halafu anageuza kwa "yet" na kusema yake kwa sentensi moja fupi. Msomaji aliyechoka hubeba ile sehemu ndefu. Kati ya maswali matano niliyokosa siku ile, mawili yalikuwa ya namna hiyo hasa: niliyachukua maoni ya watu wengine nikampa mwandishi.

Nisije nikamsifu mwenzangu kupita kiasi, naye ana kosa lake, na ni kosa kubwa. Ni mpole mno kwa saa. Yale maswali yake matano aliyapata kwa muda wa nusu saa nzima. Katika mtihani wa kweli dakika ni 90 kwa mafungu manane, na yanayobaki nayo yana alama zake. Anayetumia nusu saa kwa alama 12 atayakimbilia mengine kwa pumzi ya mwisho. Sisi tumejiwekea dakika kumi na tano hivi kwa fungu la tano. Yeye mwanzoni aliona ni dhuluma. Sasa amefika dakika ishirini, na bado anapata matano au manne.

Pia hatukubaliani katika jambo moja. Mimi napenda kusoma maswali kwanza, bila majibu yake, kisha habari. Naona yananisaidia kujua wapi pa kupunguza mwendo. Yeye anasema maswali yakitangulia, mtu husoma kama mwindaji: anaona swala tu, haoni msitu. Tumejaribu njia zote mbili kwa habari tano tano. Yeye akisoma maswali kwanza hupungukiwa. Mimi nikiyasoma kwanza hufanya haraka zaidi nami sipotezi kitu. Kwa hiyo kila mtu ajaribu ajijue. Lakini juu ya kufunika majibu hatuna ugomvi. Kusoma yale majibu manne kabla ya habari ni kumeza vipotoshi vitatu kwa kila swali, jumla yake kumi na vinane, ukiwa na njaa.

Yapo mashauri mengine yanayopita bwenini kila mwaka, nami nayaona ni ya kipuuzi. La kwanza ni kwamba jibu refu ndilo sahihi. Huenda likafaa katika jaribio lililotungwa usiku mmoja, lakini watungaji wazoefu huyapima majibu yawe na urefu uliokaribiana. La pili ni "ukikwama chagua C". Hiyo ni bahati moja katika nne kama herufi yoyote nyingine. Ukiweza kuyaua majibu mawili kwa ushahidi, bahati yako imekuwa moja katika mbili, na hapo kubahatisha si aibu. La tatu ni kulikataa kila jibu lenye neno kali kama "always" au "never". Hili lina ukweli kidogo, ndiyo maana nililitumia kwa lile "tu" la jibu D. Walakini kuna waandishi wenye maneno makali kwelikweli, na jibu sahihi juu yao huwa kali vilevile. Pima ukali wa jibu kwa ukali wa habari.

Watu wengine husema maswali ya kuchagua ni mchezo wa watoto, na kwamba zamani wanafunzi walipimwa kwa insha. Nimesoma kidogo habari hiyo. Mtihani wa kwanza wa Kiingereza wa Cambridge kwa wageni wa lugha ulifanyika mwaka 1913, nao ulichukua saa kumi na mbili. Watahiniwa walikuwa watatu, na wote watatu walishindwa. Maswali ya kuchagua nayo yalianza kutumika karibu na wakati huo huko Marekani. Frederick J. Kelly wa Kansas, ambaye mtihani wake wa kusoma kimya ulitoka mwaka 1915, huhesabiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuyatumia. Waona basi kwamba namna hii ya kuuliza ilihusika na kusoma tangu mwanzo wake. Huu mtihani wa Advanced wenyewe ulianza mwaka 1991. Wazee wetu waliosoma sekondari zamani walifanya mtihani wa Cambridge School Certificate; kisha likaja Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki mwaka 1967, na Baraza letu la Mitihani la Tanzania likaundwa mwaka 1973. Kwa hiyo jina la Cambridge si geni katika madarasa yetu.

Mzazi anayesoma ukurasa huu huenda akauliza, mtihani wa wageni watuhusu nini, na ada yake hatuna? Namjibu hivi. Sisi tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na tangu Kidato cha Kwanza Biolojia, Jiografia na Historia twazisoma kwa Kiingereza. Mwezi wa tatu nilikosa swali la kuchagua katika jaribio la Biolojia. Swali liliuliza ni lipi kati ya haya SI kazi ya ini, nami nililipita neno "except" kama mtu anavyopita jiwe dogo njiani. Kazi za ini nilizijua zote. Niliona jibu la kwanza ni la kweli, nikaliwekea alama, nikaendelea. Nilipoonyeshwa karatasi nilikaribia kulia, kwa sababu kuna wenzetu watakaokosa nafasi ya Kidato cha Tano kwa alama kama hizo, wakirudi nyumbani na kuambiwa hawakujua sayansi.

Tangu muhula uliopita tumefanya mazoezi kila Jumatano. Mimi nimepanda kutoka swali moja hadi manne, na mara moja matano. Sita sijapata. Mwenzangu alipata sita mara moja, hakusema neno, alikunja karatasi akaitia mfukoni. Lakini juma lililopita alisimama mbele ya chama kueleza kwa Kiingereza kwa nini jibu B lilikuwa limekufa. Alisema "wrong" nayo ikatoka "long". Mtu mmoja wa Kidato cha Pili alianza kucheka. Mwenzangu akamngoja amalize, akaandika neno lile ubaoni, akaendelea.

Katika karatasi ile ya kwanza bado tunabishana juu ya swali la sita. Karatasi ya majibu inasema D. Yeye anashikilia A, naye amejaza ukurasa mzima wa daftari kwa hoja zake. Mwalimu amezisoma, akasema hajashawishika, lakini ameomba abaki nazo siku mbili.

Anayetaka kujiunga nasi aje maktaba siku ya Jumatano baada ya michezo. Karatasi za mazoezi ziko kabatini, ufunguo anao katibu. Aje na penseli, na kadi au kipande cha boksi cha kufunikia majibu.